Mikono Mezani Mshale Ukiyumba

Kwa miaka minane nilimchukia mtu ambaye sikuwahi kumwona uso. Kwangu alikuwa sauti tu kwenye simu, sauti kutoka Jinja, na nilimchukia kwa bidii, bila likizo. Naandika haya kwa sababu nilimkosea. Aliyestahili chuki yangu alikuwa akinywa chai nyumbani kwangu Waithaka karibu kila mwezi, akiwapakata wanangu na kumwita mke wangu shemeji.

Katika miaka ya themanini nilikuwa opareta wa umeme. Chumba chetu cha kazi kilikuwa ghorofa ya juu ya jengo moja katikati ya Nairobi, na kutoka dirishani ungeweza kuona mapaa ya Parklands na miti yake. Kazi yetu ilikuwa kuhakikisha umeme unaotoka mitamboni unalingana na unaotumiwa na watu, saa zote. Sehemu ya umeme huo ilitoka kwenye mabwawa yetu ya Tana. Sehemu nyingine tuliinunua Uganda, nayo ilisafiri kutoka Jinja kwa laini moja ndefu iliyovuka mpaka. Nyumbani kwangu umeme ulikuwa bado haujafika. Niliwasha jiji mchana kutwa, halafu jioni nikafika kwangu na kumwomba mke wangu kiberiti nitafute taa ya mafuta. Majirani walinicheka, nami nikawaambia mpishi hashibi kwa kuonja. Nilikuwa na kiburi cha kazi, sikatai.

Sasa, laini ndefu ina tabia zake. Ukiunganisha mitambo ya nchi mbili kwa waya mmoja, mitambo hiyo huvutana. Yetu ikikimbia kidogo, yao huvutwa nyuma. Kisha yao hukaza mwendo na yetu ikarudi. Ukutani kwetu palikuwa na mita kubwa ya laini ya Uganda, na siku nyingine mshale wake ulianza kwenda na kurudi polepole, kama mtoto kwenye bembea. Mara nyingi ulitulia wenyewe. Siku nyingine kila mkumbo ulikuwa mkubwa kuliko uliotangulia, na ukizidi kiasi, vifaa vya ulinzi hukata laini bila kuuliza mtu. Laini ikikatika wakati jiji linaitegemea, basi jiji lote huzimika.

Binadamu akiona kitu kinayumba hutaka kukishika, na hapo ndipo shida ilipokuwa. Mbele ya kiti chetu palikuwa na kishikio kidogo cha kuuamuru mtambo mmoja wa Tana uongeze au upunguze umeme. Opareta mgeni akiona mshale unashuka, anaongeza. Lakini mtambo wa maji hauna haraka. Unapoitikia, mshale umeshapanda, kwa hiyo jamaa anapunguza, na amri hiyo nayo inachelewa. Bila kujua, anaisukuma bembea kila inapomrudia. Mimi nilijifunza hayo kwa kuipoteza laini mara mbili katika mwaka wangu wa kwanza, nikaitwa majina ambayo sitayaandika hapa.

Ndipo nikatunga sheria, nikaifundisha kila aliyeketi nami: mikono mezani. Mshale ukianza kuyumba, aliye kwenye kiti aweke viganja vyote viwili juu ya meza pale anapoviona, asiguse kishikio. Mwingine aende kwenye simu amwombe mtu wa Jinja apunguze mzigo kwenye laini, yaani umeme anaotuletea. Laini ikipata nafuu, kuyumba kunakufa. Sheria ina sehemu mbili, ya meza na ya simu, na tafadhali msomaji uzikumbuke zote.

Rafiki yangu alikuwa mwenzangu wa zamu. Alitoka magharibi ya Kenya, mrefu, mcheshi, mwenye sauti ya kwaya, na siku nilipooa yeye na mkewe ndio waliotusimamia kanisani. Nilimfundisha kazi tangu alipokuwa hajui mshale upi ni wa nini. Aliicheka sheria yangu, akasema ninawafanya watu wazima wakae kama wanangoja sakramenti. Lakini aliishika. Nilimpenda sana, na niseme hivyo waziwazi kabla sijaanza kumsema vibaya.

Chini ya mita ile palikuwa na mashine iliyochora mwendo wa mshale kwa wino kwenye karatasi ndefu iliyojikunjua polepole. Kanuni ilikuwa kwamba anayekalia kiti aandike herufi za jina lake na saa pembeni mwa karatasi, kwa penseli nyekundu. Akiondoka, anayempokea aandike zake. Mimi na yeye tulikuwa tumeacha kufanya hivyo. Mmoja akienda chai au msalani, mwenzake aliketi tu na penseli ikabaki mahali pake. Mazoea hayo niliyaanzisha mimi. Niliona kuandikiana saini ni mambo ya watu wasioaminiana.

Siku mambo yalipoharibika niliketi saa saba mchana, nikaandika herufi zangu. Baada ya muda mshale wa Uganda ukaanza safari zake. Niliutazama mikumbo mitatu, nikaona unakua, nikasimama. Nikamwambia rafiki yangu, kaa, mikono mezani, nami nikaenda kwenye simu ya Jinja. Simu hiyo ilikuwa ndani ya kijichumba cha mbao nyuma, maana mazungumzo yake yalisafiri juu ya laini ileile ya umeme na ilikuwa na mngurumo. Usipofunga mlango husikii kitu.

Mtu wa Jinja nilikuwa nimezungumza naye mara nyingi. Alizaliwa karibu na mpaka, Kiswahili chake kilikuwa kizuri, na tulikuwa na desturi yetu. Tulihesabu mikumbo pamoja, kwa sauti, yeye akitazama mshale wake na mimi nikichungulia wangu kupitia kijidirisha kidogo kilichoonyesha ile mita tu, ili tuwe na hakika kwamba tunatazama kitu kimoja. Wakati huohuo watu wake walipunguza mzigo. Siku ile tulihesabu, moja, mbili, na kufikia kumi nilitarajia kuona nafuu. Badala yake mshale ukawa unapiga kingo za mita huku na huku. Alisema wanapunguza, wanapunguza, lakini kuna kitu upande wangu kinauchokoza. Tulifika kumi na tisa, simu ikafa. Laini ilikuwa imekatika na sauti yake ikaenda nayo.

Nilipofungua mlango kengele zote zilikuwa zinalia. Rafiki yangu alikuwa ameshika kishikio. Alikiachia kama mtu aliyeshika sufuria ya moto bila kitambaa.

"Nimeigusa," akaniambia. "Ilinishinda macho, bwana. Nimeigusa."

Nilitazama karatasi. Mchoro ulionyesha kila kitu, mikumbo ikikua na, katikati ya mikumbo, vidaraja vidogo kama vya ngazi, alama za mkono wa mtu akiongeza na kupunguza. Pembeni mwake palikuwa na herufi nyekundu za jina langu. Kwa wakati huo sikuzifikiria, tulikuwa na jiji la kuwasha. Ilituchukua hadi jioni. Tulipomaliza nilimwambia aseme ukweli, nami nitasimama naye, kwa kuwa kosa la mkono husamehewa. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema sawa.

Huenda mambo yangeishia kwenye karipio. Lakini mkubwa mmoja, sitasema mkubwa wa nini, alikuwa ndani ya lifti ya jengo la mjini laini ilipokatika, akakwama humo alasiri nzima na mabibi wawili wa kupiga chapa na mtu aliyebeba samaki. Alipotoka alitaka jina la mtu. Ofisi ikaunda kamati ya wakubwa watatu, tukahojiwa mmoja mmoja, mlango ukiwa umefungwa.

Mimi niliwaeleza yote. Wakaniuliza, kama sikuwa kwenye kiti, mbona herufi ni zangu, na za aliyenipokea ziko wapi. Nikajibu kwamba mimi na mwenzangu hatuandikiani. Nilisikia jibu hilo likitoka kinywani mwangu na nikajua jinsi lilivyosikika. Nikawasihi wapige simu Jinja, kuna mtu alikuwa akihesabu nami laini ilipokatika. Mhandisi mkuu aliyeongoza kamati akasema mtu hamwiti jirani kuja kutazama chungu chake kilichovunjika. Sikukubali, nikapaza sauti, na hilo nalo likaandikwa.

Tangu siku hiyo nilikatazwa kuingia chumba chetu cha kazi, na simu ya Jinja ilikuwa humo tu. Ikabaki njia moja. Nilimwomba rafiki yangu ampigie yule mtu amwombe atume neno, hata la mistari miwili, kwamba nilikuwa kwenye simu. Kiti changu chote kilining'inia kwenye simu hiyo moja.

Alikuja Waithaka Jumapili baada ya kanisa, na sukari na mkate kama kawaida yake. Tuliketi nje. Akasema aliieleza kamati ukweli wote wakakataa kumsikiliza, kwa sababu karatasi ilikuwa na herufi zangu. Akasema amepiga Jinja pia.

"Anasema hakumbuki," aliniambia. "Hataki kuingizwa kwa mambo ya watu. Wacha tu, mzee."

Alisema hivyo huku mwanangu wa pili amelala kifuani pake. Mke wangu alilia. Mimi sikulia, nilikasirika, na hasira yangu yote ikavuka mpaka kwenda Jinja. Mtu tuliyehesabu pamoja hadi kumi na tisa, ati hakumbuki.

Nikapelekwa stoo ya vipuri. Kwa miaka minane niligawa nati, bolti, fyuzi na vikombe vya kauri vya kuning'inizia nyaya, nyuma ya kaunta yenye wavu. Rafiki yangu alipewa kiti changu, kisha akawa kiongozi wa zamu, kisha akapewa ofisi yake na nyumba Muthangari yenye ua wa michongoma uliokatwa vizuri. Hakuniacha. Aliendelea kuja na sukari. Karo ya mwanangu wa kwanza iliposumbua, alikuja kunipa moyo, nami nilijisifu kwa mke wangu kwamba wengi huangukia stoo lakini si wengi wana rafiki wa namna hii. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuwa nikiifua nguo ile na kuipiga pasi.

Miaka ya tisini ilipofika, wakubwa wa nchi zote mbili walichoka na laini ile. Wakaamua kufunga kwenye mitambo vifaa vya kutuliza kuyumba. Waliviita stabilaiza, lakini usifikirie kile kisanduku cha kulindia friji nyumbani. Hiki huhisi kuyumba kunaanza, na kwa kuwa hakina woga wala papara, hukisukuma kinachoyumba kwa kinyume, kidogo, wakati unaofaa hasa, mpaka kitulie. Ni kazi ambayo mkono wa mtu hauiwezi. Walikuja mafundi wa Uganda ili warekebishe vyao na vyetu pamoja, maana kurekebisha upande mmoja peke yake hakusaidii. Nilizisikia habari hizo stooni, na nilijifanya hazinihusu.

Asubuhi moja akaja kwenye kaunta mzee mfupi wa miwani, koti la kijivu, na fomu ya kuomba fyuzi. Nikaichukua bila kumtazama. Akasema, "Samahani ndugu yangu, ni fyuzi sita, si tano, nimeandika vibaya." Kalamu ilinianguka. Ile sauti ningeitambua hata ndani ya mngurumo.

Nikamwuliza kwa ukali kama ni yeye wa simu ya Jinja. Akanitazama, nadhani na yeye alikuwa akiisikiliza sauti yangu. Nikamwambia, wewe ndiye usiyekumbuka.

"Sikumbuki nini?" akauliza. "Tulifika kumi na tisa."

Ilinibidi nikae kwenye sanduku la bolti. Yeye alizunguka kaunta, kinyume cha kanuni, akaketi juu ya sanduku jingine. Akanieleza taratibu. Jioni ya siku ile aliandika kwenye kitabu chao cha zamu kwamba alikuwa akihesabu na Nairobi, akalitaja jina langu na namba ile. Aliandika pia kwamba mtu mwingine upande wetu alikuwa akigusa mtambo, kwa kuwa anayehesabu kwenye simu hawezi kuwa amekaa kwenye kishikio. Alingoja sisi tuulize. Hakuna aliyeuliza, siku ile wala baadaye. Wiki iliyofuata aliulizia habari zangu kwa aliyepokea simu Nairobi, naye akamwambia nimeacha kazi kwa hiari, niko Nakuru, nauza mbao.

Sikumwuliza aliyepokea simu alikuwa na sauti gani. Alinieleza mwenyewe, kwamba ni yule anayezungumza kama anaimba.

Nilimwomba mzee yule msamaha. Alinisamehe palepale bila kujua alichokuwa akikisamehe, na baadaye nilipomweleza miaka minane ya chuki, alicheka sana, akasema ndiyo sababu mgongo ulikuwa ukimuuma. Nilicheka naye. Halafu nikaingia nyuma ya rafu za nyaya, peke yangu, nikalia kwa mara ya kwanza kwa ajili ya jambo lile. Nililia kwa sababu nilikuwa nimeuzwa, na kwa sababu muuzaji alikuwa amepewa kiti cha kwanza mezani pangu muda wote huo.

Mwezi uleule rafiki yangu alinitumia habari niende Muthangari. Binti yake mkubwa amepata mchumba, kijana wa huku kwetu Dagoretti, na familia ya kijana inakuja kujitambulisha. Alitaka msemaji wa upande wake, mtu anayejua Kikuyu na mila zetu, mtu ambaye wageni wakimtazama wataona heshima. Alisema hakumfikiria mwingine ila mimi.

Nilienda Jumamosi alasiri. Mkewe alinipokea kwa furaha, "Karibu shemeji, umepotea," akaleta chai na mandazi, akarudi jikoni. Rafiki yangu alianza kunieleza habari za wageni, watakuwa wangapi, nani aketi wapi. Nikamwacha amalize. Kisha nikamwambia nimekutana na mtu wa Jinja.

Alikiweka kikombe chini. Hakujifanya haelewi, hilo nampa. Alitazama zulia.

"Waliniuliza swali moja," akasema. "Hizi herufi ni za nani? Nikasema ni zako. Si ni zako? Hawakuniuliza ingine."

Nikamwuliza kwa nini basi aliniambia amepiga simu Jinja.

"Ningepiga, hiyo maneno ingekuwa kubwa. Ningefutwa. Nilikuwa na watoto wanne, mzee, na sina hata shamba, wewe uko na ya baba yako." Akainua macho. "Na wewe ndio ulinifundisha. Kitu ikianza kuyumba, mikono mezani. Nikaweka mikono mezani. Na si ilitulia? Watoto wako wanasoma, wangu wamesoma. Hakuna mtu alikufa."

Aliyasema hayo kwa upole kabisa. Nadhani alikuwa ameyaamini kwa miaka mingi, na sheria yangu ilikuwa imemlaza usingizi mzuri Muthangari wakati mimi nahesabu fyuzi. Hilo liliniuma kuliko kiti. Kiti ni cha ofisi. Ile sheria ilikuwa yangu, nilimpa kwa mapenzi.

"Nilikufundisha pia," nikamwambia, "kwamba mwingine aende kwenye simu."

Alikichukua tena kikombe chake. Mkewe akaingia na birika la pili, anatabasamu, akaanza kumimina huku akisema wameshachagua vitambaa vya meza. Hakujua lolote, nilimwona usoni. Akaniuliza, "Kwa hivyo shemeji, hiyo siku utatusemea?"

Nilikuwa nimeweka viganja vyangu vyote viwili juu ya meza, kando ya mandazi. Sikujua ni lini niliviweka hapo. Nikamwambia nitawasemea kwa moyo mmoja, kwa sharti moja dogo. Amuulize mumewe ni nani alikuwa kwenye kiti alasiri ile laini ya Uganda ilipokatika. Akimjibu kweli, basi wanitume mtu, nitakuja.

Nikaaga, nikapita kwenye ule ua wa michongoma, nikatembea hadi kituo cha basi. Siku ya wageni mke wangu alinipigia pasi koti jeusi na kulitundika mlangoni tangu asubuhi. Niliketi nje pale tulipozoea kuketi na rafiki yangu, viatu vimeng'arishwa, nikitazama njia hadi saa kumi na moja. Hakuna aliyekuja kuniita.